Chungu Changu Hakina Chumvi

Mtoto anayeonjeshwa supu kabla hajatimiza mwaka hufanana na mtu aliyeichemsha. Hayo niliambiwa na mpagazi wa chumvi kutoka Boanamary, nami nikayaamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Belobaka. Mpagazi aliniapia kuwa huko kwao kuna mtoto wa kike ambaye mama yake alishikwa na homa, basi supu yake akapikiwa na jirani mshona matanga. Alipofika miaka mitatu yule mtoto alikuwa na masharubu, anatembea kwa kuinama, na kila akiona uzi anaulamba ncha mara mbili kama fundi mwenyewe.

"Wallahi nimemwona kwa macho haya," alisema mpagazi, kisha akaniomba tumbaku.

Nikamhesabu kuwa mkweli. Mwongo angeomba chakula.

Msinicheke upesi. Mimi sikuwa mjinga wa kawaida, nilikuwa mjinga aliyesoma. Nilikuwa nimehitimu darasa la usiku pale Mahajanga, darasa la watu wazima ambalo mwalimu wetu alilifungua barazani kwake baada ya sala ya isha, kwa ajili yetu sisi ambao mchana ulikuwa wa waajiri wetu. Walikuwapo wapagazi, waziba nyufa za mashua, na mimi mtia chumvi. Niliyajua kwa miaka minne yale ambayo watoto huyajua kwa mwaka mmoja, na siku niliyomaliza nilitembea na ubao wangu kwapani siku tatu mfululizo mpaka mbuzi wa mji mzima wakajua kuwa nimekuwa msomi.

Katika darasa hilo mwalimu alitufundisha habari ya maziwa. Mtoto akinyonya kwa mwanamke asiyekuwa mama yake, na akashiba, na ikawa mara kadhaa, basi yule mwanamke amekuwa mama yake na watoto wa yule mwanamke wamekuwa ndugu zake, hawaoani milele. Nadhani aliendelea kueleza mengine, ila mimi siku hiyo nilikuwa nimebeba nyama tangu alfajiri, usingizi ukanichukua hapo hapo kwenye neno "milele".

Kwa hiyo mpagazi aliponiletea habari ya mshona matanga, niliitia katika mizani ya elimu yangu. Nikajiuliza: ikiwa maziwa, ambayo ni mepesi na meupe tu, yanaweza kumfanya mtoto wa watu kuwa ndugu yako, je, supu ya miundi ya ng'ombe, iliyochemka tangu asubuhi hadi adhuhuri ikatoa uloto wote, itashindwa kumpa mtoto masharubu? Niliufurahia sana uamuzi wangu. Hakuna kitu cha hatari kama akili ya mtu aliyesoma nusu ya kitabu, na nusu yenyewe kwa taa ya mafuta ya ng'ombe.

Nami nilikuwa na sababu ya kujiuliza. Binti yangu wa kwanza, na wa pekee wakati ule, alikuwa ametimiza miezi saba.

Mke wangu alitoka Nosy Be. Nilimwoa huko kwao nikamleta Mahajanga, enzi zile malkia wa Boina anakaa juu ya kilima na sisi Waislamu wa pwani tunakaa chini tukifanya biashara na kusengenyana. Mwenyewe alikuwa na maneno ya kwetu na maneno ya Kisakalava, akiyachanganya kama mtu achanganyaye nazi na mchele. Supu aliita *ro*, kama mama yake. Na mama yake, alipokuja Mahajanga kumpokea mtoto, alikuwa amemwagiza jambo moja kuhusu *ro* ya mtoto, akamwagiza mara saba kabla hajaondoka: chumvi isiingie. Mtoto figo zake ni ndogo kama maharage, haziwezi kubeba mzigo wa watu wazima. Utamu wa mfupa unamtosha, na boga kidogo, na majani machache ya mlonge. Chumvi ataikuta duniani akishaota meno ya kutafunia.

Hebu fikirini amri hiyo inaingia nyumba gani. Mimi nilikula chumvi, nikalalia chumvi, nikavaa chumvi. Kazi yangu ilikuwa katika banda la nyama pale bandarini: ng'ombe wanachinjwa, nyama inakatwa vipande, mimi naisugua chumvi na kuipanga mapipani kwa ajili ya meli za wageni. Mikono yangu ilikuwa na nyufa nyeupe. Nikirudi nyumbani mbuzi walinifuata ili wanilambe miguu, tena mmoja alimwacha mkewe akahamia kwangu. Nikitoa jasho kwenye kanzu, kanzu ilisimama peke yake ikiwekwa chini. Chakula changu kilikuwa ng'onda, papa mkavu wa chumvi, kilichopikwa katika chungu cha marehemu mama yangu, chungu kikubwa cheusi ambacho kilikuwa kimepika papa tangu mimi sijazaliwa. Hicho ndicho urithi wangu. Hakuna ndugu aliyenigombania.

Sasa nifike kwa mchinjaji.

Nyuma ya nyumba yetu, ukuta wa makuti ukitutenga, aliishi mchinjaji mmoja kijana, naye mtu wa Nosy Be. Alikuwa mrefu. Mabega yake yalipita mlangoni kwa zamu, kwanza la kulia kisha la kushoto. Meno yake yalikuwa meupe na katikati yana mwanya, na alipocheka kuku wa mitaa minne waliacha kudonoa wakasikiliza. Mke wangu alimjua tangu utotoni na alimwita kaka. Hilo halikunishtua, maana kwa mke wangu kila mtu aliyetoka Nosy Be alikuwa kaka, dada, au shangazi. Hata mbwa mmoja aliyeshuka chomboni kutoka huko alimsalimu kwa heshima. Na mchinjaji mimi aliniita shemeji. Neno hilo likitoka kwenye ule mwanya lilinichoma kama chumvi kwenye kidonda, na vidonda ninavijua.

Alasiri moja nilirudi kutoka bandani nikamkuta binti yangu amekaa mkekani, kidevu kinang'aa mafuta, macho yameelekea juu kama mtu aliyeonyeshwa pepo. Mbele yake palikuwa na bakuli tupu na kijiko cha pembe ya ng'ombe. Bakuli halikuwa letu. Kijiko hakikuwa chetu.

"Amekula nini?" nikamuuliza mke wangu.

"*Ro*. Bakuli zima! Hata uji hajawahi kuula hivi, baba mtoto, amelamba mpaka kijiko."

"Umeipika wewe?"

"Kuni zilikuwa mbichi. Kaka amempikia, kwake moto hauzimiki na mifupa anayo."

Nikaketi. Supu ya kwanza! Supu ya kwanza ya mwanangu imechemshwa na yule! Nikamtazama mtoto nikauona mwanya. Kweli alikuwa na meno mawili tu, ya chini, ila kati yao palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo jana sikuiona.

Usiku ule sikulala. Nilihesabu. Ikiwa mtoto hufanana na aliyempikia, basi dawa iko katika wingi: amekula bakuli moja la mchinjaji, mimi nitamlisha mabakuli mia moja, nami nitamshinda kwa kura. Kulipokucha nikamwambia mke wangu kuanzia leo supu ya mtoto nitapika mimi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe?"

"Mimi."

"Mwanamume?"

"Ni nani anayepika nyama ya meli zote za wageni?"

"Ile hupiki, unaizika!"

Lakini alinipisha. Alikuwa amechoka, mtoto alimnyonya mchana na usiku.

Nami nikapika, jamani! Kila siku banda lilipofungwa nilirudi na muundi wa ng'ombe begani. Nikaupasua kwa shoka, nikauloweka ukatoa damu, nikauchemsha mara ya kwanza nikamwaga maji yale pamoja na uchafu wake, nikauchemsha tena kwa moto wa polepole na kuengua povu kwa kata ya nazi. Nikatia boga. Nikatia mlonge. Nikaipua, nikaacha ipoe mpaka mafuta yagande juu, nikayaondoa kama ngozi, nikachuja kwa kitambaa safi, nikaichanganya na wali uliopondwa. Hatua zote nilizifuata kama mke wangu alivyonielekeza. Chumvi sikutia hata chembe. Kabla ya kugusa kuni nilinawa mikono mara saba, mara moja kwa mchanga. Na nilipika katika chungu cha mama yangu, maana nilisema kama mwanangu atarithi sura kutoka chunguni, basi airithi ya ukoo wetu.

Kila mara nilionja. Haina kitu! Maji ya mvua yalikuwa na ladha zaidi. Nikasema, mama mkwe wa Nosy Be angeionja hii angenipa binti mwingine.

Binti yangu alikipokea kijiko cha kwanza, akakunja uso, akaitema kwenye kanzu yangu.

Cha pili akakifungia mdomo.

Cha tatu alikipiga teke.

Siku ya pili vile vile. Siku ya tano alikuwa akikiona kijiko anaanza kulia kabla sijakaa. Kidogo alichomeza kilimtia kiu, akamrukia mama yake akanyonya kama mtu aliyevuka jangwa. Naye bakuli la mchinjaji likipita juu ya ukuta wa makuti, kwa siri ambayo kila mtu aliijua, alilimaliza akaomba jingine kwa mikono miwili.

"Supu ni ile ile," nilimlalamikia mke wangu. "Muundi ule ule, boga lile lile. Wake anautia nini?"

"Mchele mmoja, mapishi mbalimbali," akanijibu.

"Amemroga."

"Amemroga kwa boga?"

Nilianza kuchunguza sura. Mtoto alipiga mkeka kwa kiganja kilichonyooka, pa! pa!, na mchinjaji ndivyo alivyopiga nyama kuonyesha wateja kuwa ni mbichi. Mtoto alifumba jicho moja kwenye jua, mchinjaji naye alifumba jicho moja kwenye jua. Nilichukua kamba nikampima mabega. Kesho yake nikampima tena na nakuambieni kamba haikufika. Mke wangu akasema kamba imelowa ikanywea. Kila mwenye kuibiwa huambiwa hivyo, kwamba ni kamba.

Na wivu, ambao mpaka leo nauonea haya kidogo, haukuishia kwa mtoto. Nikaanza kusikiliza jinsi mke wangu anavyosema "kaka". Nikahesabu mara ngapi anakwenda ukutani. Nikavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne ili nikapite mbele ya duka la nyama nikiwa nadhifu, nikapita mara tatu, na mara ya tatu yule bwana akaniita kwa furaha, "Shemeji! Umependeza, kuna harusi?" Watu wakageuka. Nikasema ndiyo, kuna harusi. Wakauliza ya nani. Nikaenda zangu.

Siku moja alikuja mwenyewe uani kwangu nikiwa nachochea moto. Alikuwa amebeba chungu kidogo kipya, chekundu, kinanukia udongo.

"Hodi, shemeji. Nimepita kwa mfinyanzi wa Belobaka, nikasema nimletee mtoto chungu chake."

"Mtoto ana chungu," nikasema.

Alikitazama kile cha mama yangu. Akainama, akakinusa kwa adabu. "Chungu hiki kimekula papa wengi, shemeji."

"Kimewalea watu wengi pia."

"Sikatai. Ila mtoto ni mdogo..."

"Kwetu hatupiki kwenye udongo wa juzi."

Akaweka chungu chake chini, akacheka na ule mwanya, akaniaga. Mimi nikakichukua chungu kile chekundu nikakitia maji ya kuku. Nilifurahi sana. Kuku nao walifurahi.

Kesho yake ndipo nilipochomwa kabisa. Nilikuwa nimemshika binti yangu mkononi, nampitisha uani, namwonyesha mbuzi. Mchinjaji akatokeza kichwa juu ya makuti, akasema neno, sijui neno gani, na binti yangu akainyoosha mikono yote miwili kwake, akafungua kinywa chake chenye meno mawili, akasema wazi kama mwadhini:

"Ba-ba."

Mchinjaji alicheka. Mke wangu alicheka. Mbuzi nadhani alicheka. Mimi nilisimama na ule mwili mdogo wa moto mkononi mwangu, unanisukuma kifua ili uende kwa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kupika nilisahau masharubu na mabega na kamba. Nilijua tu kwamba mwanangu ananitoka. Mtu anaweza kuoa, kusoma, kurithi chungu, na bado akaachwa na mtu mwenye urefu wa mkono mmoja.

Nilizidisha supu. Nikapika asubuhi na jioni, nikakataza bakuli la juu ya ukuta. Nikasema ama ale ya baba yake ama asile. Aibu yake ninayo hadi leo, na hapa sitaipunguza kwa mzaha: siku nne baadaye midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, analia bila nguvu, na mama yake maziwa yalikuwa yanampungukia kwa kunyonywa bila kupumzika.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikunja nguo zake na za mtoto. "Nakwenda kwa mama," akasema. "Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki na chungu chako, baki nacho."

Nikaja nacho.

Mchinjaji alitusindikiza hadi ufukweni, amebeba mizigo yote kwa mkono mmoja. Akamshika mtoto shavu. Akaniuliza, "Chungu kile kidogo mmekichukua, shemeji?"

"Kina kazi," nikasema.

Njia nzima nilikipakata chungu cha mama yangu kama bibi harusi, na mke wangu alimpakata mtoto, tukatazamana tukiwa hivyo, kila mmoja na mzigo wake, mpaka Nosy Be. Njiani mtoto alipewa maji ya dafu na maziwa ya mama peke yake, akaanza kupata nafuu. Nikasema ni hewa ya bahari.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye sauti ya chini. Adabu ya kwetu mnaijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, hawali pamoja, na likiwepo la kusema hupitishwa kwa mke. Basi yeye alikaa upande wa pili wa pazia la ukindu, mimi nje kwenye kivuli cha ukuta, kisiwa cha Nosy Komba kiko mbele yangu ng'ambo, na mke wangu akatuchukulia maneno kwenda na kurudi kama mtu abebaye maji.

"Mama anauliza mtoto amekula nini."

"Mwambie mama supu yangu, isiyo na chumvi, kama alivyoagiza."

Minong'ono nyuma ya pazia.

"Mama anasema upike aone."

Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka! Nilitafuta muundi, nikapasua, nikaloweka, nikachemsha, nikamwaga, nikachemsha tena, nikaengua povu kwa madaha, nikijua jicho liko kwenye tundu la pazia. Moshi wangu siku ile ulivuka ukawakohoza watu wa Nosy Komba. Nikachuja, nikaonja, nikatangaza kwa sauti ya mnadi: "Haina kitu!" Nikapeleka bakuli.

Mtoto akakunja uso. Akatema. Akalia.

Nikatupa kijiko chini. Maneno yakanitoka, yote, mbele ya pazia, bila kupitia kwa mke. Nikasema nimeshindwa. Nikasema mchinjaji ameniwahi kwa supu ya kwanza, mtoto ameshakuwa wake, ana mwanya wake, ana mabega yake, anamwita baba, na mwaka kesho atakuwa na masharubu kama yule mtoto wa Boanamary. Nikasema ni elimu, nimeisoma, ni kama maziwa. Nikasema tena kwamba sijui mwanamke akimwita mtu kaka kila siku anamaanisha nini.

Mke wangu alinitazama kama aliyeona kuku akisoma.

Nyuma ya pazia mama mkwe akasema jambo fupi kwa lugha yao, na mke wangu akalileta huku amejiuma mdomo: "Mama anasema kioshe chungu. Utie maji ya mvua ya mtungini. Maji tu. Uchemshe."

"Bila mfupa?"

"Bila mfupa."

Nikaosha, nikasugua kwa mchanga, nikatia maji, nikachemsha. Nilifikiri anataka kuvunja uchawi. Yalipopoa kidogo mke wangu alichota kikombe. Akakipitisha nyuma ya pazia, nikasikia mtu anaonja, nikasikia mtu anatema. Akaonja yeye mwenyewe, uso ukamkunjamana sawasawa na ule wa mtoto, kunyanzi kwa kunyanzi. Shangazi yake alikuwa akipita na ungo, naye akapewa, akasema, "Eeh! Nani kachota bahari?"

Nikaletewa mimi. Nikaonja, nikazungusha mdomoni, nikameza.

"Tamu," nikasema. "Kama mvua."

Hakuna aliyecheka. Wakanitazama tu. Nikaonja tena. Nikaitazama mikono yangu, zile nyufa nyeupe. Nikakitazama chungu cha mama yangu, ambacho kilipokauka karibu na moto kilikuwa kimetoka ukungu mweupe kwenye ubavu, ukungu ambao miaka yote niliudhani ni majivu.

Ndipo mama mkwe alipofanya jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alisogeza pazia. Alitoka na binti yangu kiunoni, akaja mpaka nilipokaa, akanitazama usoni kabisa, akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto akanishika sikio. Mama mkwe akasema polepole, akichagua maneno ya lugha yetu ili nisikose hata moja:

"Mkwe wangu, mtoto hafanani na mtu aliyempikia. Maziwa ndiyo yanayofanya undugu, na yule mchinjaji mama yake alifariki akiwa mchanga, nikamnyonyesha mimi pamoja na huyu mkeo. Kwa hiyo ni kaka yake kweli, na kwa mwanao ni mjomba. 'Baba' ndilo neno ambalo mdomo wa kila mtoto huanza nalo, hata kuku huambiwa. Supu hushibisha tu. Mwanao ana masikio yako, yamesimama kama ya popo tangu siku niliyompokea. Chumvi imo ndani ya chungu, na ulimi wako haujui tena chumvi. Kanunue chungu kipya, na uonjeshe mtu mwingine."